Gari yenye kilometa kidogo: ni mali ao ni mzigo?

 

Mara nyingi naandika hapa juu ya mihogo, kahawa na udongo, sababu njo kazi nilisomea. Leo nitaandika juu ya gari. Kuko wenye watasema: huyu mu-agronome anatafuta nini ndani ya mambo ya garaji? Muvumilie kidogo. Mtaona kwamba kuchunga gari na kuchunga mbegu ni ndugu wa tumbo moja.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika parseli yetu kuko Land Cruiser, ile hard-top ya milango miwili nyuma, moteri ya mazutu 1HZ, ya mwaka wa 2008. Papa aliinunua 2011, wakati mradi mmoja ulikuwa unafunga kazi na kuuza vyombo vyake. Kontere ilionyesha kilometa 38.400. Leo, miaka 14 nyuma yake, inaonyesha 61.950. Fanyeni hesabu wenyewe: haifike hata kilometa 1.700 kwa mwaka. Shofere wa Goma na Masisi anaweza kupiga hiyo kwa mwezi mmoja, kama barabara inamuruhusu.

Papa alituacha 2019. Tangu siku ile familia iko na swali moja isiyoisha: tuuze ao tuchunge? Yaya wangu anasema: « Motokari haiko ngombe, haizae. Tuuzishe, mtoto amalize masomo. » Mama anajibu maneno mawili tu: « Hii hapana. » Na mwezi uliopita mnunuzi mmoja alikuja na dola 17.500. Alisema kule inje kuko watu wanatafuta gari za aina hii, zenye kilometa kidogo, kwa kuzichunga tu, kama vile wengine wanachunga picha ao vitu vya wafalme. Tulicheka. Kisha nilianza kusoma, nikaona huyu bwana hakusema uongo. Lakini hakusema ukweli wote pia.

1. Namna gani gari ya kazi inageuka kuwa gari ya heshima

Gari mpya inaanza kupoteza bei siku ile ile inatoka dukani. Mwaka kwa mwaka bei inashuka, mpaka inafika chini kabisa. Gari karibu zote zinamalizia pale: zinafunguliwa vipande, shasi inakuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Lakini kuko chache ambazo, nyuma ya miaka 20 ao 30, bei inageuka na kuanza kupanda tena. Hizo njo wanaziita klasiki. Nimeona sababu nne zinazofanya hivyo.

Ya kwanza: hazitengenezwe tena. Mnakumbuka Land Rover Defender, ile ya kona kona ambayo mapadri na walimu wakubwa walitembea nayo. Ukoo wake ulianza 1948, na ya mwisho ilitoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Tangu siku ile, kila moja inayoangukia ndani ya mto ao inayochomwa inapunguza hesabu ya zilizobaki, na hakuna ya kuijazia nafasi.

Ya pili: mtoto aliyeitamani amekuwa mzee mwenye feza. Muangalie Kenya. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikashinda tena 1978. Kijana aliyesimama kando ya barabara ile miaka, akafunikwa na vumbi na kupiga kelele, leo ako na miaka 60 na zaidi. Akiona 504 safi moyo unaruka, na anatoa feza ambayo wewe na mimi hatuwezi kuelewa. Nairobi wako na mashindano ya gari safi, Concours d'Elegance, tangu 1970, na tangu 2003 kuko Safari Classic ya gari za zamani peke yake. Kwa hivyo tusiseme ni mambo ya wazungu tu.

Ya tatu: sheria. FIVA, shirikisho la dunia la gari za kihistoria, inasema gari iwe na miaka angalau 30 na ichungwe namna ilivyotengenezwa. Ujerumani nayo, nyuma ya miaka 30, gari inaweza kupewa namba yenye herufi H. Marekani, gari ambayo haikutengenezwa kwa kufuata sheria zao inaweza kuingia ikifikisha miaka 25. Sasa Toyota haikuuza Land Cruiser ya aina ya 70 kule Marekani. Kwa hiyo watu wa kule wanangojea miaka 25 itimie, kisha wanazitafuta. Njo maana gari ambayo kwetu ni ya kubeba magunia, kule inaoshwa na kuwekwa chini ya taa.

Ya ine, na mimi naona njo kubwa kupita zote: gari za kazi zinakufa kazini. Nani kati yenu ako na jembe ya babu yake, mpya, haijalima hata siku moja? Hakuna. Majembe yalikuwa maelfu, lakini yote yalilima mpaka yakaisha. Gari ya kazi ni vile vile. Zilitengenezwa mingi, lakini yenye kubaki safi, na rangi yake ya kwanza, na karatasi zake, ni moja moja. Gari ya fahari watu wanaichunga tangu siku ya kwanza, kwa hiyo zinabaki nyingi. Ile ya jasho njo inakuja kukosekana.

2. Na hii yetu, itafika pale?

Land Cruiser ilianza 1951. Aina ya 40 ilitengenezwa Japani tangu 1960 mpaka 1984. Mwezi wa 11 wa 1984 aina ya 70 ikachukua nafasi, na njo hiyo tunaona mpaka leo Masisi, Walikale, Lubero, kila fasi. Moteri 1HZ ilikuja 1990: silinda sita, litre 4,2, bila turbo, pompi ya injeksio ya chuma tupu, haina kompyuta ya kuiamuru. Ukiwa na mazutu safi, oili, na fundi mwenye akili, inawaka. Hii njo sababu inapendwa Walikale, fasi ambapo hata mipira ya moto inafika kwa shida, na ambapo miaka fulani ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara, pale Kilambo, kubeba kasiteriti ya Bisie.

Hapa kuko somo kwa wale wanaotaka kuchunga gari za kisasa zaidi. Gari mpya za leo zina kompyuta mingi, ekrani, vifaa vidogo vya kuhisi kila kitu. Chuma ukikiosha kutu kinarudi kazi. Lakini karte ya elektroniki ikiingia maji nyuma ya miaka 15, na kiwanda kimeacha kuitengeneza, utafanya nini? Gari nzima, kilometa kidogo, kiti kinanukia upya, lakini haiwake juu ya kitu kidogo kama kiberiti. Kwa hiyo mtu anayechagua gari ya kuchunga miaka 30 aangalie kwanza kama vipande vitapatikana. Toyota wenyewe waliona hilo: 2021 walitangaza kwamba watatengeneza tena vipande vya aina ya 40, gari ambayo waliacha miaka mingi.

Sasa ile ambayo mnunuzi hakusema. Aina ya 70 bado inatengenezwa. Haijakosekana. Yetu ni ya 2008: Marekani itaingia kwa kanuni ya miaka 25 mwaka wa 2033. Ili FIVA iiite ya kihistoria, tungoje 2038. Na majirani je? Kenya haipokee gari ya mitumba yenye kupita miaka 8. Uganda, tangu 2018, inakataza kuingiza yenye kupita miaka 15. Yetu iko na 17. Maana yake, soko yetu leo ni hapa hapa, kati ya watu wanaotaka gari ya kwenda Rubaya, Pinga na Walikale, wala si ya kuweka chini ya taa. Mnunuzi yule alijua. Alitaka kununua kwa bei ya hapa na kungojea bei ya kule. Si dhambi, ni biashara. Lakini ni vizuri mwenye mali ajue anauza nini.

3. Kilometa kidogo haimaanishe afya

Hapa narudia kazi yangu. Katika masomo ya mbegu tulifundishwa kanuni ya Harrington: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, maisha yake ndani ya stoo yanaongezeka mara mbili, ukipunguza joto kwa digrii 5, tena mara mbili. Si kanuni ya kila hali, lakini inaonyesha adui ni nani. Maharagwe hayaozi sababu yamelala. Yanaoza sababu yamelala ndani ya unyevu.

Gari ni vile. Chuma kinaanza kula kutu haraka wakati unyevu wa hewa unapita karibu asilimia 60. Sasa mniambie, ni mwezi gani Walikale, ndani ya pori, hewa iko chini ya pale? Masisi kuna baridi na ukungu wa asubuhi, maji yanaganda chini ya kapo kama jasho. Na Goma kuna jambo lingine: moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira. Ile gazi ikichanganyika na mvua inakuwa asidi, na kila mwenye nyumba anajua namna mabati yanakufa mbele ya wakati. Kile kinachokula mabati kinakula gari pia.

Kontere inahesabu kilometa tu. Haihesabu miaka, haihesabu mvua. Hivi njo vitu vinavyozeeka hata gari ikilala:

Mipira. Kando ya mpira kuko herufi DOT na namba ine za mwisho. Ukisoma 2314, maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Mpira wenye meno mazima lakini wa miaka 12 unaweza kupasuka kwenye mteremko wa Sake kama wa kuazima. Tulitupa mine ya Papa iliyokuwa inaonekana mipya. Mama alilia, akisema tunatupa feza. Lakini ilikuwa imepasuka pasuka ndani.

Mkanda wa kampu. 1HZ iko na mkanda wa mpira unaofunga saa ya moteri, na kwenye tablo kuko taa ya T-BELT inayowaka kilometa zikifika. Ubaya ni huu: kwa gari isiyotembea, ile taa haitawaka karibuni, lakini mpira unazeeka. Sisi tulibadilisha nyuma ya miaka kumi, kontere ikiwa bado chini sana. Fundi alisema tunapoteza kipande. Alipotoa ule wa zamani na kuukunja, alinyamaza.

Maji ya freni. Yanakunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Nyuma ya miaka miwili ni ya kumwaga, hata kama gari ilikaa tu. Yakibaki, kutu inaingia ndani ya silinda za freni, na siku ya kushuka mlima pedali inaenda mpaka chini.

Mazutu. Tanki yenye nafasi inapumua hewa ya unyevu, maji yanakusanyika chini, na kati ya maji na mazutu vidudu vinaota, vinafanya uchafu mweusi kama ute. Pompi na injekteri hazipendi hiyo. Jawabu ni mbili: kujaza tanki kabisa mbele ya kulaza gari, na kumwaga maji ya filtre. Esanse ni mbaya zaidi, inaharibika kwa miezi.

Batri. Ikilala bila chaji inakufa polepole. Paneli ndogo ya jua inatosha kuichunga.

Panya. Msicheke. Panya wa shamba walikula nyaya za taa zetu mara mbili. Dawa yetu ni ile tunatumia kwa ghala ya mahindi: usafi, hakuna gunia la chakula karibu, na kufunga matundu.

Na moteri yenyewe. Wengi wanadhani kuchunga ni kuwasha dakika tano kila Jumapili, kuzima, na kurudi kulala. Hiyo ni kuua. Moteri ikiwaka kidogo, ndani inatengeneza maji, na joto haitoshi kuyafukuza. Yanabaki ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi. Afadhali isiwashwe kabisa mwezi mzima kuliko kuwashwa dakika tano tano. Lakini njia nzuri zaidi ni kuitembeza kilometa 20 ao 30, mara moja ao mbili kwa mwezi, mpaka kila kitu kipate joto: bwate, freni, diferansieli. Usiiweke chini ya bashe inayogusa rangi, sababu unyevu unafungiwa ndani. Dari ya mabati bila ukuta inapita bashe, sababu upepo unapita.

Mwisho, karatasi. Karte roze, faktire ya kununua, kitabu cha matengenezo, kila karatasi ya garaji yenye tarehe na kilometa. Bila hizo, kontere yako ni hadithi tu. Mafundi wenye uongo wanarudisha namba nyuma, kila mtu anajua. Kinachosadikisha ni karatasi zinazofuatana, pamoja na vitu vidogo: pedali isiyolika, usukani usiong'aa, kiti cha shofere kisichozama. Papa alikuwa na daftari moja ya shule, aliandika kila safari. Ile daftari, mnunuzi aliisoma kurasa kwa kurasa mbele ya kutaja bei.

4. Hesabu ya nyumba

Niliweka kila kitu katika meza moja. Kununua 2011: dola 14.000. Kuchunga, yaani oili, mipira, mkanda, maji ya freni, batri, na kodi za kila mwaka: kama 420 kwa mwaka, mara miaka 14, inafanya 5.880. Jumla 19.880. Mnunuzi anatoa 17.500. Kwa hiyo gari ambayo « imechunga bei » imetupotezea dola 2.380, mbele ya kuhesabu kwamba dola ya 2011 ilinunua vitu vingi kuliko ya leo. Hii njo hesabu ambayo wanaosifu klasiki wanaisahau. Wanaonyesha bei ya kununua na ya kuuza, wanaruka katikati.

Yaya alifurahi nilipoonyesha meza. « Niliwaambia! Feza ile angenunua ngombe. » Nikamuuliza: ngombe wa Papa wako wapi? Akanyamaza. Sababu Papa alikuwa na ngombe pia, pale Mushaki. Wengine walichukuliwa, wengine walikufa kwa magonjwa wakati hatukuweza kufika malishoni, wengine tuliuza kwa bei ya haraka mwanzo wa 2023, vita ilipokaribia. Wasomi tunapenda kusema ngombe inazaa na gari haizae. Ni kweli katika kitabu. Katika Masisi, mali nzuri ni ile unaweza kuondoka nayo.

Lakini nisifanye gari malaika. Gari safi inavuta macho. Mara mbili Papa alipata habari kwamba watu wenye silaha wanatafuta Land Cruiser, na mara mbili alitoa magurudumu, akaiweka juu ya magogo, akaficha batri na pompi ya kulisha mazutu kwa nyumba tatu tofauti. Walikuja, wakaona mfu, wakaenda. Njo namna ilipona. Na njo namna niligundua kitu kilichonifanya niandike maneno haya yote.

5. Ile usiku ya 2018

Usiku moja wa 2018 jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya. Mume wake na vijana wanne walikuwa wamesha mtoa juu ya kilima kwa tipoyi. Walifika kwetu kama saa saba za usiku, mvua inanyesha. Hospitali yenye kupasua ilikuwa kilometa 25 na zaidi, ngambo ya Sake.

Gari ilikuwa pale. Kilometa kidogo, rangi safi, oili mpya. Lakini batri ilikuwa kwa mjomba, na mipira miwili ya mbele ilikuwa chini ya kitanda cha bibi. Tulikimbia, tukafunga, mikono ikitetemeka. Ilituchukua dakika 40. Yule mama alilala kwenye barza, akishika mguu wa meza, haliye, anapumua tu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati ule, nilishika taa. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile.

Walifika. Mama alipona, mtoto pia, leo ni msichana wa miaka saba. Lakini njiani Papa hakusema neno. Asubuhi, aliporudi, alifungua daftari na kuandika safari: kilometa 54, kwenda na kurudi. Kisha aliniambia: « Nilichunga gari vizuri sana mpaka ikakosa kuwa gari. » Tangu ile siku hakutoa tena mipira. Alibakia na kutoa kitu kimoja kidogo tu, ambacho angeweza kurudisha kwa dakika tatu, na alifundisha Mama na sisi wote namna ya kukirudisha gizani.

Kontere inasema 61.950. Ndani ya hizo, kuko 54 ambazo hakuna mtu wa familia anajutia. Mnunuzi wa klasiki anaziona ni hasara, kila kilometa inapunguza bei. Katika nchi ambapo wagonjwa wanabebwa juu ya mabega, Walikale peke yake ikiwa na karibu kilometa mraba 23.475 za pori na mito, mimi siwezi kuhesabu hivyo.

6. Basi tufanye nini?

Tulikaa familia yote, tukakata neno. Hatuuze sasa, sababu bei ya leo haifike gharama yetu, na gari bado inatumika. Lakini pia hatuchunge kwa ajili ya 2038. Tunaichunga namna Papa alijifunza: safi, na tayari. Itatembea angalau mara mbili kwa mwezi. Inabaki na rangi yake na vipande vyake vya kwanza, sababu hiyo haigharimu kitu. Daftari inaendelea, sasa ni mimi naandika. Masomo ya mdogo wetu tutayalipa wanne, kila mtu kidogo kidogo, yaya ndani pia. Na kama 2033 itatukuta wazima, na gari nzima, tutaongea tena na mnunuzi. Mama alisema: « Hapo sawa. » Ni maneno mawili pia, lakini ni mengine.

Kwenu wandugu, ambao wengi hamna Land Cruiser kama vile mimi peke yangu sina, maneno haya yawafae kwa vingine. Mulini ya mihogo ya koperative, ambayo mradi uliacha na sasa imefungwa na kufuli. Moto ya parokia. Jenereta ya kituo cha afya. Firigo ya chanjo. Ngapi ziko ndani ya vijiji vyetu, « mpya kabisa », saa za kazi kidogo, na siku zikihitajika haziwake? Ukipewa funguo ya kitu kama hicho, uliza vitu vitatu: mara ya mwisho kiliwaka lini mpaka kikapata joto; karatasi zake ziko wapi; na usiku, gizani, ni nani anaweza kukifanya kiondoke kwa dakika kumi. Kama hakuna mwenye jibu, msiseme kimechungwa. Semeni kimelazwa, kisha mwite fundi mbele ya mvua.